Kilomita 800 Kabla ya Magharibi

Pikipiki yako iko hapo nje. Umeifuta vumbi, umeipiga picha, Jumapili umeenda nayo Bagamoyo ukarudi. Na kila ukikutana na mtu aliyetoka mbali kwa magurudumu mawili, unamuuliza swali lilelile: "Hukuchoka?" Najua unachotaka kujua hasa. Unataka kujua kama nawe ungeweza. Utaweza, na nimekaa kuandika haya ili ukimaliza kusoma uchukue kalenda uizungushie siku moja duara.

Huko Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association, yaani watu wenye makalio ya chuma. Mlango wa kuingilia kwao ni safari wanayoiita SaddleSore 1000: maili 1,000 ndani ya saa 24. Kwa hesabu zetu ni kilomita 1,610 hivi. Hakuna filimbi ya kuanzia wala jukwaa la washindi, na hakuna anayeshindana na mwenzake. Mpandaji anaandika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, anatunza risiti ya kila kituo cha mafuta yenye tarehe, saa na mahali, kisha anatuma karatasi zake zikakaguliwe. Zikikubalika, anapewa cheti. Chama hichohicho huandaa pia Iron Butt Rally, siku 11 za kuizunguka nchi yao, na vigogo wake hukata maili 11,000 na zaidi. Hiyo iache kwanza.

Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Gawanya 1,610 kwa 24. Umepata 67. Kilomita 67 kwa saa! Pikipiki ya cc 150 yenye injini nzima inaufikia mwendo huo bila kulia. Ukiweza kwenda kwa wastani wa 90 muda wote magurudumu yanapozunguka, maili zote 1,000 zinakwisha kwa saa 18, na mkononi zinakubakia saa 6 za kujaza mafuta, kula, kujisaidia na kulala. Miaka yote nilikuwa nikiwadhania wale kuwa ni watu wa kukimbiza. Kumbe ni watu wasiosimama ovyo.

Tuseme basi juu ya kusimama, maana hapo ndipo safari inapovujia. Unaingia sheli, unajaza tangi, dakika 5. Halafu unavua glavu, unatafuta simu, unapiga picha, unamjibu mtu, unanunua soda, unakaa "kidogo tu", unakumbuka choo, unarudi, glavu moja haionekani. Nusu saa imekwenda. Fanya hivyo vituo 6 na saa 3 zimeyeyuka. Mchana wetu una saa 12. Robo nzima ya mwanga wa jua umeigawa bure, na usiku utakukuta njiani ukianza kukimbiza ili ufidie. Waliozoea safari hizi husimama mara moja kwa mambo manne: mafuta, choo, maji, na jicho moja la haraka kwenye tairi na mnyororo. Kisha wanaondoka.

Niseme jingine waziwazi, na nalisema kwa kukupenda: maili 1,000 za usiku na mchana usizijaribu kwenye barabara zetu. Usiku kwetu kuna lori lililoharibika katikati ya njia, na alama yake ni matawi ya mti tu. Kuna ng'ombe. Kuna matuta ambayo rangi yake ilishafutika, na anayekuja mbele yako amewasha taa zote. Kipimo chetu kiwe mchana mmoja. Mimi kipimo changu kilikuwa Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita 800 na ushei. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri ukafika saa kumi na mbili na nusu jioni, una saa 13 na nusu, na wastani wako ni kama 61. Umeona? Kwa mwendo, hauko mbali na wale wa cheti. Aliye Mombasa anaweza kuanza na Nairobi, kama kilomita 480, akishalizoea hilo ndipo aongeze.

Mara ya kwanza nilishindwa. Usiku wa kuamkia safari nilibadilisha mnyororo. Fundi mmoja mjini aliufunga haraka akitaka kufunga duka, nami kwa hamu ya kuwa na kila kitu kipya sikumwambia asubiri, wala sikuuzungusha hata mara moja barabarani. Nilipita Morogoro nikiimba ndani ya kofia. Nikapita Mikumi, ule mwendo wa katikati ya hifadhi ambapo unapunguza kasi kwa sababu twiga hana habari na ratiba yako. Nilipoanza kuteremkia bonde la mibuyu nikasikia kitu kinapigapiga chini ya mguu wa kushoto. Ruaha Mbuyuni, mbele ya meza za wauza vitunguu, mnyororo ukaruka.

Mzee mmoja alikuwa na kibanda chake cha ufundi chini ya mti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuinua macho, tayari anaangalia gurudumu langu. Aliuinua mnyororo kwa kidole gumba, akauachia, akauinua tena sehemu nyingine. Huku ulikuwa umelegea, huku umebana. Akaniuliza uliingia lini. Nikamwambia jana usiku. Akanyamaza kidogo, akafuta kidole kwenye suruali, akasema, "Mwanangu, kitu kipya hakifungwi usiku wa safari. Kitembeze kwanza mjini wiki nzima, kikuoneshe tabia yake."

Aliutengeneza. Lakini jua lilikuwa limeshakwenda, na mimi nikageuza nikalala Mikumi. Nilihisi aibu usiku ule, na sasa najua nilikosea kuihisi. Kugeuza ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya siku hiyo. Ukifika mahali hesabu imekataa, geuza. Barabara ya Mbeya haihami.

Nilirudi tena mwezi Septemba, wiki 6 baadaye. Safari hii mnyororo ulikuwa na kilomita 900, tairi zilikuwa na maua ya kutosha na upepo niliupima mwenyewe kabla tairi hazijapata joto, oili ilibadilishwa wiki moja kabla. Kwenye begi la tangi niliweka vitu vinne tu: maji, korosho, koti la mvua na mfuko wa risiti. Nililala saa mbili usiku kama mtoto wa shule. Saa kumi na moja kamili nilikuwa Mbezi Mwisho, nikaandika kilomita za dashibodi kwenye karatasi, rafiki yangu akatia sahihi kama shahidi huku akipiga miayo. Mbele yangu kulikuwa na Kibaha, Mlandizi, Chalinze, na kijiwingu cha vumbi la malori yaliyoamka mapema kuliko mimi.

Penye kibao cha 50 nilikwenda 50. Hili nalo lishike. Askari mwenye tochi ana haki ya kukusimamisha, na faini ina uchungu, lakini uchungu mkubwa zaidi ni zile dakika 20 unazoacha hapo ukijieleza. Anayetii vibao anafika mapema. Nimelithibitisha kwa mwili wangu mwenyewe.

Kisha ukaja mlima Kitonga. Kama hujawahi kuupanda, jiandae: malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, yanayoshuka yananuka breki, na kona hazikupi nafasi ya kuona kinachokuja. Mkono wako utataka kukaza mafuta upite. Mwachie nafasi aliye mbele, mita zako zikae pale pale, pumua, subiri pafunguke paonekane. Nilikaa nyuma ya semi moja muda wa kutosha kusoma kila neno lililoandikwa kwenye turubai lake. Nilipofika juu nikakuta hewa nyingine kabisa. Ile hewa ya Ilula iliyopoa, na nyanya kwenye ndoo kando ya njia, ni malipo ya kwanza ya siku. Sitaki uikose.

Adui mwenyewe hakuwa Kitonga. Alinikuta kwenye barabara nzuri, iliyonyooka, baada ya Iringa, ile saa ya mchana ambayo mwili wa kila binadamu huteremka wenyewe, uwe umeshiba au hujala. Misonobari inapita kushoto na kulia, upepo una ubaridi, injini inaimba sauti moja. Nikajikuta siikumbuki kona niliyotoka kuipita. Ukijikuta hivyo, safari imekwisha mpaka utakapolala. Kwa mwendo wa 80 pikipiki inakula mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde 3 tu, umekwenda mita 66 bila dereva. Kahawa haitakuokoa, wala kuimba, wala kujipiga makofi.

Niliingia kituo cha mafuta Mafinga, nikamwomba kijana wa pampu aniamshe baada ya dakika 20, nikajilaza kwenye nyasi na kofia ngumu chini ya kichwa. Nilizimika kama taa. Nikasikia, "Kaka, kaka, ishirini zimekwisha." Zile dakika 20 ndizo zilizonifikisha Mbeya. Kati ya kusimama kwangu kote siku ile, hapo ndipo sijutii hata sekunde moja.

Na nilipokuwa nafunga kofia nilimkumbuka Bessie Stringfield. Dada unayesoma haya, na wewe uliyeambiwa kwamba pikipiki si mambo ya watu kama wewe, lishike jina hilo. Alikuwa mwanamke Mweusi wa Marekani, na kuanzia miaka ya 1930 alizunguka nchi ile peke yake kwa pikipiki, wakati ambapo nyumba za wageni zilimfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Aliponyimwa kitanda alilala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta, koti lake likiwa mto juu ya usukani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibeba barua za jeshi kwa pikipiki. Mwaka 2002, miaka 9 baada ya kufariki, jina lake liliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa waendesha pikipiki wa nchi hiyohiyo. Mimi nililala kwenye nyasi kwa hiari, na kijana wa watu akanilinda. Sikuwa na sababu ya kulalamikia mgongo.

Mgongo utauma, sikufichi. Utauma kuanzia kilomita ya 300, kisha itakuja zamu ya mabega, kisha makalio yataanza kukuhesabia kila tuta. Simama juu ya vikanyagio sekunde chache kila baada ya muda, legeza viwiko, shusha mabega yaliyopanda masikioni bila wewe kujua. Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu. Upepo unakausha mwili huku ukikudanganya kwamba umepoa. Kula kidogo. Wali wa kushiba uusubiri Mbeya.

Wewe wa bodaboda, nawe nina neno lako. Unakaa juu ya kiti kile tangu alfajiri mpaka watu walale, jua lako na mvua yako, siku 6 kwa wiki. Ustahimilivu ambao wengine wanautafuta kwa mazoezi, wewe unao tayari mwilini. Ulichokosa ni siku moja ambayo kilomita zote ni zako, hakuna abiria, hakuna hesabu ya bosi, na mwisho wake ni mji ambao hujawahi kuufikia kwa mikono yako mwenyewe. Jipe siku hiyo.

Baada ya Makambako jua lilihamia usoni. Igawa, Chimala, Igurusi, milima ikisogea upande wa kushoto na vivuli vyake vikirefuka kwenye mashamba ya mpunga. Sikuongeza kasi. Karatasi ya ratiba iliyobandikwa kwenye tangi ilinionesha nina dakika 15 za ziada, na nilizitunza kama fedha. Uyole ilipojitokeza, na zile bajaji zake na moshi wa mahindi ya kuchoma, nilipiga kelele ndani ya kofia mpaka mama mmoja aliyekuwa akivuka akageuka.

Risiti ya kituo cha mwisho ninayo mpaka leo. Karatasi zile hufifia, na jina la mafuta halisomeki tena, lakini saa bado inaonekana ukiielekeza kwenye mwanga: 18:21.

Sasa inuka. Toka nje kabla giza halijaingia, chuchumaa kando ya pikipiki yako, inua mnyororo kwa kidole gumba, zungusha gurudumu, inua tena. Ukikuta umelegea huku na kubana huku, kesho uupeleke kwa fundi, na duara la kwenye kalenda liweke wiki 3 mbele.