Kuhukumu Kisichoonekana

Wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita waijua vema habari ya macho mekundu. Mwanamke mzee, mara nyingi mjane, amepika miaka arobaini kwa kuni mbichi, miti ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, na moshi umemharibu macho. Kisha mtoto wa jirani afariki, au ng'ombe wafa, na watu waenda kwa mpiga ramli. Naye, hali hakumtazama mtoto wala ng'ombe, asema: mtafuteni mwenye macho mekundu. Wazee wengi mno wamekatwa mapanga usiku kwa hukumu ya namna hii. Tena tangu miaka ya 2006 na 2007 ikazidi aibu nyingine, ya kuwawinda ndugu zetu wenye ualbino, kwani walikuwapo waliowadanganya wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vyao huleta utajiri.

Watu wengine wakisikia hayo hujibu upesi: basi tusisadiki ila tunachokiona kwa macho. Jibu hilo laonekana la busara, lakini si kweli, nasi hatulikubali. Mambo mengi yasiyoonekana yajulikana kwa yakini, na kwa dalili tu. Swali ni jingine: ni dalili ya namna gani impayo mtu haki ya kuhukumu?

Tutazame mfano mmoja uliopita karibu nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru wao, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilichukua chombo cha Wamarekani kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Chombo hicho kilipima miali ya eksirei itokayo katika makundi ya galaksi, yaani makusanyiko ya miji mikubwa ya nyota. Baadaye ikadhihirika kwamba miali hiyo yatoka katika gesi iliyojaa katikati ya galaksi hizo, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Uzito wa gesi hiyo wapita uzito wa nyota zote za kundi mara kadhaa, wala hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuiona.

Siku zile zile wataalamu wawili wa Urusi, Rashid Sunyaev na Yakov Zeldovich, walifikiri njia ya pili ya kuitambua. Anga lote limejaa mnururisho hafifu uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye moto. Waliougundua mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson wa Marekani, hawakuamini mtambo wao mara moja. Walifukuza njiwa na kusafisha mavi yao kwanza, wakidhani labda ndiyo chanzo cha mvumo. (Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza mwanzo wa namna hiyo tangu 1931, aliletewa habari hizo karibu na kufa kwake, mwaka 1966.) Sasa, mnururisho huo ukipita katika gesi ya moto, mwali mmoja hivi katika mia hugongwa na kuongezewa nguvu. Kwa hiyo anayetazama kwa mawimbi marefu ataona upungufu mdogo, kama kivuli, usiofika sehemu moja ya elfu ya digrii. Anayetazama kwa mawimbi mafupi zaidi ataona mahali hapo hapo pameng'aa kupita kawaida.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Wataalamu hao walisema mapema kile ambacho kingewashinda. Kama kivuli kisingegeuka kuwa mng'ao, basi si gesi iliyokitia, na maneno yao yangeanguka. Na watu hawakuharakisha. Katika miaka ya 1970 wapimaji walipingana wao kwa wao, maana hewa yetu, ardhi, hata galaksi itoayo mawimbi ya redio huweza kumdanganya mtu. Mwaka 1984 ndipo vipimo vya makundi matatu vilipoaminika. Chombo cha Planck, kilichorushwa mwaka 2009, kikayatambua makundi zaidi ya elfu kwa njia hiyo. Miaka kumi na zaidi ya mashaka, tena juu ya gesi tu, ambayo kosa juu yake halimwui mtu.

Mpiga ramli je? Atuambie ni kitu gani kingemthibitisha mwanamke yule kuwa hana hatia. Mtoto akifa, ni yeye aliyemwua. Akipona, ni yeye aliyeogopa na kumwachia. Macho yakiwa meupe, itatafutwa dalili nyingine. Dalili isiyoweza kukana haiwezi pia kushuhudia.

Wala tusiseme kwamba watu wetu hawajui kupima. Mchimbaji mdogo wa Geita haamini rangi ya mwamba peke yake. Huvunja jiwe, hulisaga, huliosha katika karai, hutazama kilichobaki chini, ndipo aamue kuchimba duara. Mbona mtu huyo huyo hamfanyii jirani yake uangalifu anaoufanyia jiwe? Twaogopa kwamba jibu ni hili: akikosea juu ya jiwe, hasara ni yake, akikosea juu ya mwanamke mzee, hasara ni ya mwanamke.

Twajua pia kwamba mama aliyefiwa hatulizwi na neno la mganga wa zahanati. Malaria haina uso, wala haiwezi kuulizwa kwa nini imemchukua huyu ikamwacha yule. Uchungu wataka jina la mtu, na mpiga ramli huuza majina. Serikali iliwapiga marufuku mwezi wa Januari 2015, na ilifanya vema, lakini soko la majina halifungwi kwa tangazo.

Anayemshuku mama mwenye macho mekundu na aanze na kipimo kilicho rahisi. Aingie katika jiko lake jioni moja, afunge mlango kama yeye anavyoufunga kwa baridi ya usiku, achochee zile kuni mbichi mpaka ugali uive. Kisha atoke nje, aombe kioo.