Ziwa Limerudi Kwake?

Ukishuka kutoka mjini Naivasha hadi mtaa wa Kihoto, njia inaingia majini tu hivi hivi, kama ilivyozoea kuingia mtaani. Nyumba za mawe zimesimama humo ndani, kuta zimeota ukungu, milango haina wa kuifungua. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likawatoa watu hapa. Mwaka wa 2025 likaja tena.

Uliza mjini, utajibiwa upesi: "Ziwa limerudi kwake." Kauli tamu, na ina ukweli. Ziwa Naivasha halina mto wa kulitoa maji. Malewa na Gilgil huyaleta, jua hukausha, mengine hupenya ardhini. Ndiyo maana hupanda na kushuka, miaka nenda miaka rudi. Mwaka wa 2009 lilikuwa limerudi nyuma hadi watu wakahofia kwamba linakufa.

Lakini kauli hiyo inamhukumu nani? Ukiisikiliza vizuri, inamwambia aliyefurika kwamba alikuwa mvamizi. Sasa mfikirie mpangaji anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Yeye hakupima ploti wala hakuiuza. Alitafuta chumba ambacho mshahara wake ungekifikia, akalipa kodi kila mwezi, basi.

Utasema mtu mzima ana macho, na ziwa halijifichi. Sawa. Ila mwaka wa ukame macho huona nchi kavu, nyasi na ng'ombe wakilisha. Ziwa lina mwendo wa vizazi. Mtu anajua aliyoyaona tangu ahamie. Kilicho katikati hakionekani kwa macho, kimo kwenye madaftari ya vipimo na ramani. Na madaftari hayo hayakai kwa mpangaji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Basi kuna waliokabidhiwa kukumbuka kwa niaba yetu sote. Aliyejua mpaka wa maji akanyamaza, aliyegawa ploti, aliyejenga akapangisha: hao ndio wenye deni, kila mmoja kwa kadiri ya alichokijua.

Kusema ziwa limerudi kwake si uongo. Ubaya wake ni kwamba tukishaisema tunaona mambo yamekwisha, na yule mama aliyebeba godoro kichwani bado hajapata pa kulala.