Uliyopokea Uwakabidhi Wengine

Somo: 2 Timotheo 2:1-2 na 4:6-13



Barua ya pili ya mtume Paulo kwa Timotheo ni barua ya mzee aliye kifungoni. Amekwisha kutambua ya kuwa siku zake za kuondoka duniani zi karibu. Amefungwa minyororo kama mtu mwovu. Dema, aliyekuwa mtenda kazi pamoja naye, amemwacha kwa kuipenda dunia. Wengine wamekwenda huku na huku, naye Luka peke yake amebaki karibu naye. Mtu aliye katika hali hii angaliweza kuandika habari za mateso yake tu, wala tusingalimlaumu. Lakini tukiisoma barua twaona moyo wake unashughulika na neno lingine: Injili aliyoichukua miaka hii yote, nani ataichukua atakapokuwa yeye hayupo? Kwa hiyo ampa Timotheo kazi ya kutafuta watu wa kutumainiwa na kuwatia mikononi mafundisho yale, ili wao nao wapate kuwa walimu wa watu watakaokuja nyuma yao.

Hebu wahesabuni watu hao. Wa kwanza ni Paulo, wa pili Timotheo, wa tatu ni wale wa kutumainiwa, na wa nne ni wale watakaofundishwa nao. Paulo hakuwahi kumwona huyo wa nne, wala hakulijua jina lake. Hata hivyo alimfanyia kazi akiwa gerezani. Huu ndio uaminifu wa mpaka mwisho.

Wengi wetu twadhani ya kuwa Mkristo mwaminifu ni yule asiyerudi nyuma, asiyeacha ibada, atoaye sadaka yake, hata siku ya kufa jina lake li safi katika kitabu cha usharika. Hayo ni mema, tena ni kazi ya neema ya Mungu. Lakini mtu aweza kuilinda taa yake isizimike miaka hamsini, asiwashe nyingine hata moja kwayo. Naye akifa nyumba yake yote imo gizani. Mmeyaona haya. Mzee wa kanisa amekufa, watu wamejaa mazikoni, wameyasema mema yake yote. Kisha wiki mbili zimepita, na katika nyumba ile hapana tena asomaye Neno asubuhi, maana yeye peke yake alikuwa akisoma, wala hakumpa mtoto kitabu akamwambia, Leo soma wewe. Basi na tujifunze kwa watu wa zamani jinsi amana hii inavyopokewa na jinsi inavyotolewa.

Timotheo hakuanza kuyajua Maandiko siku Paulo alipofika Listra. Nyanya yake Loisi na mama yake Eunike walikuwa wamekwisha kumfundisha tangu utoto. Baba yake alikuwa Myunani, wala hatusomi popote ya kuwa alimwamini Mungu wa Israeli. Wanawake wale wawili hawakuwa na mimbari wala cheo. Walikuwa na mtoto mmoja, na nyumba, na Maandiko. Basi walifanya kwa hayo waliyokuwa nayo. Mtume alipokuja alikuta shamba limekwisha kulimwa. Mama usomaye maneno haya, usiseme, Mimi si mwalimu. Mtoto aliye mgongoni mwako asikia ukiomba kabla hajajua kusema.

Baba yetu Martin Luther aliliona jambo hili kwa uchungu. Alipokwenda kuzikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, aliwakuta Wakristo wengi wasiojua Amri Kumi, wala Imani, wala Sala ya Bwana. Hata baadhi ya wachungaji hawakufaa kufundisha. Ndipo mwaka 1529 akaitoa Katekisimo Ndogo. Nasi tukiifungua twaona ameandika juu ya sehemu zake ya kuwa ni jinsi mwenye nyumba apaswavyo kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Siku hizi tumezoea kuiacha Katekisimo mikononi mwa mwalimu wa kipaimara, kana kwamba baba na mama hawahusiki. Luther aliiweka kwanza mezani pa nyumba. Tena yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mwalimu mkuu wa Maandiko, alikiri ya kuwa kila siku aliisoma Katekisimo neno kwa neno kama mtoto, wala hakuona ya kuwa ameimaliza.

Jambo la pili ni uvumilivu. Yohana Marko alitoka pamoja na Paulo na Barnaba katika safari ya kwanza, akawaacha huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Walipotaka kusafiri tena Paulo alikataa kumchukua. Barnaba alitaka kumchukua, nao wakashindana hata wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kupro kwa merikebu. Barnaba alikuwa ameizoea kazi hii. Hapo zamani wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, yeye ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume. Tena ndiye aliyekwenda kumtafuta Tarso akamleta Antiokia. Sasa alimfanyia Marko kama alivyomfanyia Paulo. Na matunda yake? Katika barua hii ya mwisho Paulo mwenyewe amwomba Timotheo aje pamoja na Marko, kwa kuwa amfaa katika kazi. Na Kanisa tangu zamani lashuhudia ya kuwa Injili ya pili ni ya Marko huyo. Kama Barnaba angalimtupa siku ya kwanza alipoanguka, hasara ingalikuwa ya nani?

Walimu na wazee wa kanisa, katika kila usharika yupo Marko. Ni kijana aliyeimba vizuri, akaenda mjini, akarudi na aibu. Ni msichana aliyetengwa na Chakula cha Bwana, naye aona haya kupita hata mlangoni. Sheria za Kanisa zina mahali pake, wala hatusemi dhambi si dhambi. Lakini ni nani amekwenda nyumbani kwake baada ya hukumu ya baraza? Kuandika jina katika kitabu cha waliotengwa ni kazi ya dakika moja. Kumrudisha mtu mpaka aweze kufundisha wengine ni kazi ya miaka, nayo yahitaji Barnaba.

Jambo la tatu, mwenye kufundisha na abaki mwanafunzi. Mzee Paulo, ambaye amekwisha kusema mwendo wake umefika mwisho, amwagiza Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, na zaidi vile vya ngozi. Joho twalifahamu, maana wakati wa baridi ulikuwa unakaribia. Lakini vitabu vya nini kwa mtu anayengoja kufa? Paulo hakujiona amehitimu. Mwalimu aachaye kusoma huanza kuwagawia watu chakula cha jana, na mwisho huwagawia sahani tupu. Wanafunzi wake wajua, hata wasiposema.

Baada ya mitume kulala, amana hii haikupotea. Huko Smirna palikuwa na askofu, jina lake Polikarpo, ambaye katika ujana wake alikuwa amefundishwa na Yohana, aliyemwona Bwana. Katikati ya karne ya 2 alikamatwa akiwa mzee sana, akaambiwa amlaani Kristo apate kuachiliwa. Akajibu ya kuwa amemtumikia miaka 86, wala Bwana wake hakumtendea baya lo lote. Atawezaje kumtukana Mfalme aliyemwokoa? Wakamchoma moto. Habari hii yajulikana na wengi. Lakini iko nyingine isiyosimuliwa sana. Mtoto mmoja wa nchi ile alikuwa akimsikiliza Polikarpo, jina lake Ireneo. Baadaye alikuwa askofu wa Lyon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, akailinda imani ya kweli kwa vitabu vyake. Akiwa mtu mzima aliandika ya kuwa ayakumbuka mambo ya utoto ule kuliko mambo ya juzi: mahali alipoketi yule mzee alipokuwa akifundisha, jinsi alivyoingia na kutoka, uso wake, na jinsi alivyosimulia maneno aliyoyasikia kwa Yohana. Tazameni, ndugu, mtoto hushika nini. Hushika neno, na pamoja na neno hushika mwendo wa mtu alisemaye. Kama mwendo umelipinga neno, atashika mwendo.

Tena ijulikane ya kuwa Ireneo aliyaandika hayo kwa Florino, aliyekuwa amewahi kumsikiliza mzee yule yule, kisha akapotea katika mafundisho ya uongo. Walimsikia mwalimu mmoja. Mmoja akasimama, mwenzake akakengeuka. Kwa hiyo wewe uliyefundisha kwa bidii, na mwanao au mwanafunzi wako ameiacha njia, usidhani kazi yako ilikuwa bure. Mpanzi aweza kupanda. Mungu ndiye akuzaye. Endelea kumwombea, na kama Ireneo, mwandikie.

Na sisi tulioitwa katika nchi hii, hatuna haja ya kutazama mbali tu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Miaka 27 baadaye, yaani mwaka 1920, baada ya vita kuu ya kwanza, wamisionari Wajerumani walilazimishwa kuondoka Kilimanjaro. Watu wengi wa nje walidhani dini ile itakwisha, kwa kuwa wenye dini wamekwenda zao. Haikwisha. Walimu Wachaga waliendelea kuwafundisha watoto, kuongoza ibada za Jumapili, kuzika wafu na kuwatia moyo wajane. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walipokuja kusaidia tangu mwaka 1922, walikuta sharika zilizo hai. Vivyo hivyo wale wa Leipzig walipopewa ruhusa ya kurudi tangu mwaka 1925. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 Wajerumani waliondolewa kazini tena, na Kanisa likasimama tena. Sasa lilikuwa na wachungaji wenyeji waliobarikiwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri katika Tanganyika.

Je, sharika zile zilisimama kwa sababu gani? Kwa neema ya Mungu kwanza. Lakini Mungu alitumia jambo hili: kabla ya siku ya kuondoka, mafundisho yalikuwa yamekwisha kutiwa mikononi mwa watu. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliwaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo, akifuata desturi ya Wachaga ya wenzi wa ngao, ili kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia na kumwonya. Mtu hakuachwa asimame peke yake. Na sisi tujiulize: kama kesho mchungaji na mwinjilisti wetu wangeondolewa, usharika wetu ungekuwa na nani wa kuufundisha?

Basi nawasihi. Wewe mzee, mchague mtu mmoja kabla ya mwaka huu kwisha. Usitafute aliye mkamilifu. Tafuta aliye tayari kujifunza. Nenda naye unapowatembelea wagonjwa, aone jinsi unavyoketi, jinsi unavyosoma, jinsi unavyonyamaza. Safari ya tatu mwache aombe yeye. Wewe mwalimu, usimwonee wivu mwanafunzi akupitaye, maana Yohana Mbatizaji alifurahi alipopunguka ili Bwana azidi. Wewe uliyesimama kisimani pa ubatizo ukajibu kwa niaba ya mtoto, umekwisha kumwuliza mtoto yule habari za imani yake, au ulimpa nguo ya siku ile tu? Nawe kijana, usingoje kuitwa. Timotheo alikuwa na Paulo, lakini alimfuata kwa miguu yake mwenyewe.

Mtu akisema, Mimi ni dhaifu, sina maneno, huyo ajue ya kuwa Timotheo naye alikuwa na hofu, na tumbo lake lilikuwa likimwuma mara kwa mara. Paulo hakumwambia ajitie nguvu zake mwenyewe. Alimpeleka kwenye neema iliyo katika Kristo Yesu, na hapo ndipo kazi hii huanza kila siku. Bwana Yesu alikaa miaka michache na watu kumi na wawili. Walikuwa wagumu kufahamu, mmoja alimsaliti, mwingine alimkana, wote walikimbia. Hakuwabadili kwa wengine walio bora. Baada ya kufufuka aliwarudia wale wale, akawatuma. Kwa mikono ya watu kama hao amana imetufikia sisi, mkono kwa mkono, nasi hatutaki ikome mikononi mwetu.

Bwana Yesu Kristo, uliye mwaminifu hata sisi tunapokosa uaminifu, utulinde mpaka mwisho, utupe kila mmoja wetu mtu wa kumfundisha na mtu wa kutufundisha, hata siku ile tutakapoketi pamoja na wale waliotutangulia na wale wajao nyuma yetu. Amina.