Ni za Nini?

Kwa wiki tatu za kwanza nilipokuwa nikiuza samosa pale stage ya Mwihoko, mtu akiniuliza "ni za nini?" nilimjibu, "ni tamu, onja tu." Huo haukuwa uongo, kwa sababu zilikuwa tamu. Lakini aliyeuliza hakuwa ameuliza utamu, na nilijua hivyo. Alitoa 20 bob, akaondoka akitafuna, matatu nyingine ya kutoka Githurai ikashusha watu, nikafungua ndoo tena.

Zilikuwa za kamande. Kamande, kitunguu, tangawizi, dhania, basi. Hakuna nyama, hakuna yai, hakuna siagi kwenye unga. Kwa watu wa mitandao hicho ni chakula cha vegani. Kwangu ilikuwa hesabu. Nilikuwa nimetoka kampasi mwaka wa tatu, karo imekataa kabisa, na kazi za kuandika ninazopata hulipa baada ya siku 60, kama mwenye pesa amekumbuka. Kilo ya nyama kwa bucha ya karibu nasi ilikuwa imepita 600. Nusu kilo ya kamande inanipa samosa 40, na kamande kavu haiozi stima zikipotea.

Watu hudhani kupika bila nyama ndiko kugumu. Kugumu ni kupambana na maji. Kamande ikipasuka ikawa uji, umeharibu siku: unyevu unalainisha manda, samosa inapasukia ndani ya karai, na mafuta yote yanachafuka. Kwa hivyo unaichemsha iive lakini ishike umbo, unaichuja, unaiacha kwa chujio hadi iache kudondoka. Kitunguu unakikaanga hadi kikauke, unaweka tangawizi, kitunguu saumu, binzari nyembamba na pilipili, kisha kamande, unakoroga kwa moto mdogo hadi ianze kushika sufuria. Dhania mwisho, ukishaipua. Manda ni unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo na maji. Unasukuma viduara viwili, unapaka mafuta kati yake na kunyunyiza unga, unavilaza pamoja na kuvisukuma tena hadi viwe vyembamba, unavipitisha juu ya pan kavu sekunde chache kila upande, halafu unavitenganisha vingali moto. Vidole vyangu viwili havisikii moto tena. Unakata, unakunja pembe, unajaza, unafunga kwa uji mzito wa unga. Kona ikibaki wazi hata kidogo, mafuta yanaingia na mteja anakula sponji.

Kubana kona nilifunzwa na mathee. Yeye alijifunza Parklands, kwa Wahindi aliowafanyia kazi miaka mingi, nyumba ambayo nyama haikuwahi kuvuka mlango wa jikoni. Huwa nawakumbuka hao mtu akiniambia samosa bila nyama ni utapeli. Ukweli ni kwamba ana historia kidogo upande wake: Ibn Battuta, aliyefika India katika karne ya 14, alieleza sambusa za kule, na zilikuwa na nyama ya kusaga, lozi na pistachio. Ile ya waru ni ya juzi, kwa sababu waru wenyewe walitoka Amerika Kusini baadaye. Lakini nenda Eastleigh kwa Waethiopia siku ya Jumatano au Ijumaa. Muumini wa Orthodox hagusi nyama, maziwa wala mayai siku hizo karibu mwaka mzima, na sambusa anayokula ina dengu ndani. Ni hii yangu, isipokuwa yake ni ibada.

Sasa, nilikuwa na mteja mmoja wa kila siku. Mzee wa mjengo, simenti hadi kwenye nyusi, mmoja wa wale wanaotujengea hizi gorofa zinazoota Mwihoko kama uyoga. Nilimwita guka, akaniita mami. Alinunua nne kila jioni, moja ale akitembea, tatu za wajukuu. Hakuwahi kuuliza ni za nini. Siku moja tu alisema, "Leo hii nyama imeiva vizuri, mami." Nikacheka. Nikasema asante.

Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa Kilimani alinitumia ujumbe. Alikuwa ameona picha niliyoweka mtandaoni, anataka samosa 60 kwa hafla ya marafiki wasiokula chochote cha mnyama, na atalipa 50 kwa kila moja. Shilingi 3,000! Aliniomba pia niandike mistari miwili mitatu ya kuweka mezani, kuhusu "safari yangu". Kwa nini niliacha nyama, ninavyowahurumia wanyama, vitu kama hivyo. Kuandika ndiyo kazi yangu. Niliandika kwamba samosa hizi zimepikwa na mtu aliyeamua kuheshimu uhai. Niliweka jina langu chini.

Pesa iliingia kwa M-Pesa saa nne asubuhi. Saa saba nilikuwa kwa bucha. Nilinunua nusu kilo, nikaikaanga na nyanya na hoho, tukaila na mathee kwa ugali, na ilikuwa tamu sana.

Mwaka wa pili kampasi tulisoma kitabu cha Kant cha 1785, na mfano mmoja humo ulinikaa. Kuna mwenye duka ambaye hata mtoto akija hamwongezei bei. Watu wanahudumiwa kwa haki. Lakini, anasema Kant, kama anafanya hivyo kwa sababu jina zuri linaleta biashara, amefanya kinachotakiwa bila kuwa na wema ndani yake. Darasani nilimwona Kant mkali bure. Mtoto amepata chenji yake, tunatafuta nini kingine moyoni mwa muuzaji? Nikiwa na mafuta ya nyama kwenye vidole siku ile, nilimwelewa. Kwa miezi kadhaa hakuna ng'ombe aliyekufa kwa ajili yangu, na sistahili hata shukrani moja kwa hilo. Mara tu niliponukia pesa, nilikimbia bucha.

Amartya Sen naye ana mfano wake, na ninaupenda zaidi kwa sababu una njaa ndani. Kuna mtu anafunga na kuna mtu hana chakula. Ukiwapima, matumbo yao yanaweza kuwa sawa. Lakini anayefunga anaweza kula akitaka, na huyo mwingine hawezi. Wageni wa Kilimani walikuwa wanafunga. Sisi wa Mwihoko, wiki nyingi, tuko kwa ile hali nyingine, na lile neno zuri, vegani, wamepewa wao peke yao. Mathee amekula githeri na sukuma miaka 50 na hakuna mtu amemwomba aandike safari yake.

Hapo ndipo huwa nakwama, maana ningependa kumalizia kwa hasira na kuondoka. Hasira ni rahisi, na yule dada hakunikosea kitu. Alilipa kabla, alisema asante, na kama kweli anaacha nyama kwa ajili ya ng'ombe basi ng'ombe amefaidika, iwe anaishi Kilimani au kwa mabati. Tena si kweli kwamba mtu asiye na pesa hana uchaguzi wowote. Cucu wangu alifuga kuku. Angeweza kuchinja mmoja wakati wowote, na njaa ilikuwepo. Hakuchinja mpaka aje mgeni, na hata hapo alimpa mtu mwingine kisu akaingia nyumbani. Sen akimwona atasema ni maskini. Kant akimwona sijui atasema nini, lakini mimi namuona mtu aliyechagua, ndani ya nafasi ndogo kuliko yangu. Kwa hivyo umaskini hauwezi kuwa kisingizio changu. Ule mstari wa "kuheshimu uhai" nilimwibia cucu, nikauuza kwa 3,000.

Kisha kuna guka. Kwa muda nilijiambia kwamba kosa langu kwake ni dogo, kwa sababu nilinyamaza tu, na alikuwa anakula kitu kizuri kuliko alichodhani. Lakini hii nchi imetufundisha kuuliza samosa ni za nini. Mwaka wa 2018 mtu alifungwa miaka 3 Nakuru kwa kuchinja paka na kuwauzia nyama wapika samosa. Baada ya hapo kuna watu nawajua hawajagusa samosa ya nyama ya barabarani tena, na hao ukiwaambia ni kamande wananunua mbili kwa furaha. Hawana huruma na paka, wana woga. Lakini woga wao ni halali. Kinachoingia mwilini mwa mtu ni juu yake kukijua, na mimi nilikuwa nimeamua kwa niaba yake kwamba hahitaji. Yule wa Paka wa Nakuru, nina hakika, naye alijiambia zilikuwa tamu.

Basi nikanunua kalamu ya wino mzito. Kwenye kadibodi nikaandika SAMOSA ZA KAMANDE 20/-, nikaifunga kwenye ndoo. Kwenye kila kifuko cha khaki nikaandika KAMANDE pia, kwa herufi kubwa, ili nisije nikaambiwa nimeficha. Nilimwandikia pia dada wa Kilimani kwamba mimi hula nyama nikiipata, na kwamba ile karatasi ya mezani haikuwa ya kweli. Alijibu na kidole gumba. Hajaagiza tena. Jioni ya kwanza ya kadibodi niliuza 26 kati ya 40, na kijana mmoja wa boda akaniambia kamande anakula kwao bure.

Guka alifika saa moja kasoro. Alisoma kadibodi polepole, kisha akaangalia vifuko.

"Guka, samahani," nikasema. "Zimekuwa za kamande tangu mwanzo. Ilifaa nikuambie ile siku."

"Nilijua, mami. Kamande nimekula tangu nikiwa mtoto, utanidanganya aje na kamande?"

"Sasa mbona ulisema ni nyama?"

Alipangusa mikono kwa suruali, kama mtu anayetafuta pesa ambayo tayari ameshika. Akasema wale watoto nyumbani wanajua guka huwaletea samosa za nyama. Ndiyo hadithi yao ya jioni: wanamngoja mlangoni, wanauliza ni za nini, anawaambia. Mkubwa yuko gredi ya pili.

"Huyo ameanza kusoma," akasema, akionyesha kifuko kwa kidevu. "Huna kingine?"

Nyuma yake watu watatu walikuwa wanangoja. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikijitayarisha kusema ukweli, na hakuna mahali nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Nikachungulia chini ya kiti, kwenye mkoba wa kalamu na chenji. Kulikuwa na kitabu cha mazoezi cha zamani, cha noti za kampasi. Nikapekua hadi nyuma, nikachana ukurasa ambao haukuwa na kitu, nikamfungia nne.