Ajali na Kinga Chini ya Maji
"Ajali haina kinga," husema wengi mzamiaji anapopooza au kufa baada ya kuibuka. Kauli hiyo humliwaza mfiwa, lakini haifai kumtangulia mtu baharini. Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu ya maji, na nitrojeni ya hewa anayovuta huyeyukia mwilini. Akipanda kwa pupa, nitrojeni hiyo hugeuka mapovu kwenye damu na maungio. Ndiyo maana mwenye ujuzi hupanda taratibu, hazuii pumzi kifuani, na hungoja dakika 3 kwenye mita 5. Atauliza mtu: siku ikifika, kungoja huko kutamwokoa nani? Hakutamwokoa yeyote. Ila aliyeandika siku ndiye aliyeweka pia kanuni ya mapovu, na anayeidharau anamjaribu Mungu, hata ulimi wake ukitaja tawakuli, hata kama jana alipanda mbio akasalimika.