Urafiki wa kambini: nani amfundishe mgeni kuvua?

Kuna methali moja ambayo mashirika ya misaada yanaipenda, na sisi walimu tumeirudilia darasani mpaka imechakaa: ukimpa mtu samaki atakula leo, ukimfundisha kuvua atakula siku zote. Maneno ni mazuri. Lakini aliyeyatunga hakusema ziwa ni la nani, wala mwalimu wa kuvua atakula nini siku ile mwanafunzi wake atakapopata mtumbwi. Tuyapime maneno haya kule Kyavinyonge, juu kule ziwa liko na watu wako.

Sisi Wanande ni watu wa milima na jembe. Ukitoka Butembo, ukapita Kyondo na kutelemka mpaka Ziwa Edouard, unaacha baridi na maharagwe, unakuta jua na viboko. Kyavinyonge, sawa vile Vitshumbi na Nyakakoma, ni kambi ya wavuvi ndani ya Parki ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Kulima katika parki kumekatazwa. Basi mtu aliyekimbia mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014, ao vita vya M23 vilivyofika Kanyabayonga Juni 2024, akishuka kule na jembe lake, limebaki mzigo tu. Inafaa ajifunze kazi mpya, na kazi hiyo iko mikononi mwa wengine.

Jambo hili ni la zamani kupita ukoo wowote. Katanda, kando ya mto Semliki, wachimbuzi waliokota chusa za mfupa zenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa (samaki, siyo yule kijana wa pili wa nyumba!), na wanazihesabia miaka 80,000 hivi ao zaidi. Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani, Jean de Heinzelin alivumbua mwaka 1950 ule mfupa wenye alama, wa miaka karibu 20,000, ambao leo uko Brussels. Watu wanabishana kama ni hesabu ya kwanza ya dunia. Mimi ninatazama zaidi zile chusa: hakuna mtu anayejua peke yake kuchonga meno yale. Mtu alikaa karibu na mwingine, akamwonyesha.

Na kuonyeshwa kunauma. Nilimwona baba mmoja, mkulima wa miaka zaidi ya 40, akifundishwa na kijana wa miaka 17. «Papa, usikamate kamba vile, maji itakukula!» Kwetu mtoto hamwamuru mzee hivyo. Yule baba akajibu tu: «Ndiyo, mwalimu,» bila kuchekelea. Walipofika inchi kavu kijana akamsalimia kwa mikono miwili, kichwa chini, sawa vile inavyofaa. Heshima haikupotea, ilikuwa imemngojea pwani.

Aristote alisema kuna urafiki wa namna tatu: wa faida, wa furaha, na wa wema. Wenzangu wengi watasema huu wa kambini ni wa faida tu: mmoja anatafuta kazi, mwingine anatafuta mikono ya kuvuta wavu. Lakini Aristote mwenyewe anakumbusha pia kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi tunajua chumvi ni nini. Mababu zetu walikuwa wakifanya biashara ya chumvi ya Katwe, ng'ambo ya Uganda, na leo samaki ya chumvi ndiyo inapanda mpaka masoko ya Butembo. Usiku, upepo ukiamka katikati ya ziwa, faida na upendo haviachani: anayekufaa ndiye anayekurudisha kwa watoto wako.

Sasa nafika pahali pagumu. Ziwa haliongezeki. Miaka ya 1970 parki ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000, na mavi yao yanarutubisha maji ambamo samaki wanakula. Kufika 2005 walikuwa chini ya 1,000. Kila mgeni anayefundishwa ni wavu mmoja zaidi. Mgeni mwenye njaa, watoto wanalia, ataonyeshwa haraka nyavu za matundu madogo na pahali samaki wanapozalia, kwa sababu kule hata asiyejua anapata. Anayempeleka kule anaitwa rafiki. Anayemkataza anaitwa mchoyo.

Kwangu mimi, rafiki ni yule wa pili, lakini kwa sharti moja: jioni hiyo agawanye samaki zake mwenyewe na nyumba ya yule aliyemkataza. Bila hivyo amefanya kazi ya mlinzi wa parki, ambaye tayari yuko na analipwa kwa ajili hiyo. Ninajua sharti hili ni zito. Mvuvi mwenyewe mara nyingine anarudi na samaki watatu.

Wenyeji hawasikilizani juu ya hili. Katika kikao kimoja wavuvi wengine walisema wageni wasifundishwe tena, mitumbwi imekuwa mingi. Mzee mmoja akamgeukia aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote: «Na wewe, baba yako alitelemka toka Kyondo na mtumbwi ku mgongo?» Watu wakacheka, naye akacheka, kiisha wakaanza tena kubishana juu ya hesabu ya mitumbwi.