Somo la 9: Jina Lililo Kwenye Cheti

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 27:15–24, Mwanzo 32:24–28, Yoshua 9:3–27, Danieli 1:17–20, Danieli 6:4, Matendo 4:13, Luka 19:1–10.

Fungu la Kukariri: Mithali 20:17

Kila siku boti kutoka Dar es Salaam hutia nanga Malindi, Unguja. Miongoni mwa abiria wamo vijana wanaokuja kutafuta kazi katika hoteli za Mji Mkongwe, Nungwi na Paje. Wengi wamebeba begi moja, na ndani ya begi bahasha ya kaki yenye vyeti.

Fikiria mmoja wao. Alimaliza kidato cha nne, lakini matokeo hayakuwa mazuri. Hoteli inataka mtu mwenye ufaulu na cheti cha chuo. Rafiki anamwambia kwamba alama zinaweza kubadilishwa kwenye kompyuta jioni moja tu. “Kila mtu anafanya hivyo,” anasema. Kijana anamkumbuka mama yake nyumbani na wadogo zake wanaosubiri ada. Anajua kufanya kazi. Kinachokosekana ni karatasi tu.

Juma hili linatazama karatasi hiyo, na mtu anayeibeba.

JUMAPILI: Siku ya Uhakiki

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu vilikuwa vimelinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliamriwa kuondoka kazini.

Miongoni mwao walikuwamo watu waliotumikia kwa miaka mingi. Walikuwa wamepandishwa vyeo, wamejenga, wamesomesha watoto. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba wangerudishiwa michango yao wenyewe ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Huruma hiyo iliwarudishia walichokatwa katika mishahara, haikuwarudishia kazi.

Soma Luka 12:2. Yesu anasema nini kuhusu mambo yaliyofichwa? Kwa nini maneno hayo ni onyo kwa mmoja na faraja kwa mwingine?

Mwenye cheti cha kweli alisikia tangazo la uhakiki akaenda kulala. Mwenye cheti cha uongo hakuhitaji kungoja matokeo ili aanze kuadhibiwa. Hofu ilikuwa imeishi naye kila mwezi, hata siku ya mshahara. Ndivyo Mithali 20:17 inavyosema: chakula kilichopatikana kwa hila huwa kitamu kwanza, kisha kinywa hujaa kokoto.

JUMATATU: Jina la Ndugu

Si kila udanganyifu unahitaji kompyuta. Katika uhakiki ule, vilikutwa pia vyeti halali kabisa vilivyokuwa vikitumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Mtu huchukua cheti cha kaka au dada aliyefaulu, akaajiriwa kwa jina lile, akaitwa kwa jina lile kazini hadi uzeeni.

Soma Mwanzo 27:15–24. Yakobo alitumia vitu gani kumthibitishia baba yake kwamba yeye ni Esau? Baba alimwuliza swali gani, na Yakobo alijibuje?

Mavazi yalikuwa ya Esau kweli. Harufu ilikuwa ya Esau kweli. Vitu hivyo vilikuwa halisi, isipokuwa mtu mwenyewe. Yakobo alipata baraka, lakini ilimbidi akimbie nyumbani, na Maandiko hayasemi kwamba alimwona mama yake tena.

Miaka mingi baadaye, penye kivuko cha Yaboki, aliulizwa tena jina lake (Mwanzo 32:27). Safari hii alijibu kwa neno moja: Yakobo. Hapo ndipo alipobarikiwa kwa baraka ambayo hakuiiba. Mungu hakumbariki katika jina la ndugu yake. Alimngoja mpaka aje kwa jina lake.

JUMANNE: Mkate Wenye Ukungu

Soma Yoshua 9:3–15. Wagibeoni walileta vielelezo gani? Kwa nini wakuu wa Israeli waliamini?

Viatu vilivyotiwa viraka, viriba vilivyopasuka, mkate mkavu wenye ukungu: hivyo ndivyo vilikuwa “vyeti” vya Wagibeoni. Vilitengenezwa kwa uangalifu, na vilifanya kazi. Lakini baada ya siku tatu ukweli ulijulikana (Yoshua 9:16). Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi.

Wagibeoni walikuwa na sababu nzito: walitaka kuishi. Hata leo anayeghushi mara nyingi si mlafi. Ni mtu mwenye shida. Biblia haidharau shida yake. Lakini inaonyesha kwamba hila ina wa kuumia. Kwa kila nafasi iliyopatikana kwa cheti cha uongo, yuko mwingine aliyesema kweli akarudishwa nyumbani. Na ikiwa kazi yenyewe ni kumchoma mgonjwa sindano au kumfundisha mtoto, anayeumia ni asiyejua lolote.

Wengine hujitetea: “Kazi naiweza kuliko wenye vyeti.” Huenda ni kweli. Marilee Jones aliajiriwa mwaka 1979 katika chuo cha MIT, Marekani, akapanda hadi kuwa mkuu wa udahili, akasifiwa sana kwa kazi yake. Mwaka 2007 alijiuzulu ilipojulikana kwamba alikuwa amedai shahada ambazo hakuzipata. Miaka 28 ya kazi nzuri haikuugeuza uongo wa mwanzo kuwa kweli.

JUMATANO: Walichokuwa Nacho

Soma Danieli 1:17–20 na 6:4. Danieli alipimwa na nani, na kwa njia gani? Maadui zake walipomchunguza baadaye, walipata nini?

Danieli alihakikiwa mara mbili. Mara ya kwanza mfalme alimhoji akiwa kijana aliyemaliza masomo. Mara ya pili wivu wa wakubwa wenzake ulipekua utumishi wake wote. Mara zote mbili hakuwa na la kuficha.

Lakini wako wasio na elimu ya Danieli. Soma Matendo 4:13. Baraza liligundua nini kuhusu Petro na Yohana? Je, mitume walikana?

Hawakukana. Walikuwa watu wasio na elimu ya marabi, na hawakujidai kuwa nayo. Walisimama mbele ya wasomi na kile walichokuwa nacho, na watu wakatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Mkristo asiye na cheti ana ruhusa ya kusema: “Sina, lakini niko tayari kujifunza.” Sentensi hiyo inaweza kumkosesha kazi moja. Haitamkosesha usingizi.

Njia halali huwa ndefu, lakini ipo. Mtu anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Visiwani, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali huwafundisha vijana ufundi.

ALHAMISI: Aliyekwisha Kuingia

Je, yule ambaye tayari yuko kazini kwa cheti kisicho chake? Ana mke, watoto, mkopo. Huenda pia ana wajibu kanisani.

Soma Luka 19:1–10. Ni lipi lililotangulia: Yesu kumwita Zakayo, au Zakayo kurudisha mali?

Mpangilio huu ni wa thamani. Yesu alisema atashinda nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Lakini neema hiyo haikumwacha na vitu vya watu. Alisimama mwenyewe, kabla hajakamatwa, akataja atakachofanya.

Toba ya namna hii ina gharama, na kanisa lisiifanye ionekane rahisi. Kughushi ni kosa la jinai. Mwenye mzigo huo atahitaji ushauri wa mwanasheria na maombi ya mchungaji anayetunza siri. Atahitaji pia washiriki watakaoijaza sufuria yake siku mshahara utakapokoma. Anayekiri akaachwa peke yake amefundishwa kwamba uongo ulikuwa salama zaidi.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Kwa zaidi ya miaka mia, Beit el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliutazama ufukwe wa Forodhani kwa nguzo na roshani zake. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo halikumdanganya mtu. Lakini liliwakumbusha wakazi wa Mji Mkongwe kwamba uzuri wa mbele hausemi lolote kuhusu hali ya kuta ndani. Soma Mathayo 7:24–27.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwajiri Mwislamu wa Unguja anajua uzito wa amana. Anapogundua kwamba Msabato aliyeomba ruhusa ya Sabato aliajiriwa kwa cheti cha uongo, ataielewaje Sabato hiyo?

2. Wazazi na washiriki huchangiaje kumsukuma kijana kughushi, kwa kumheshimu mwenye cheti kuliko mwenye bidii?

3. Je, kuongeza miaka ya uzoefu kwenye maelezo binafsi ya kazi ni tofauti na kughushi cheti? Eleza.

4. Mshiriki akikiri kesho mbele ya darasa lako, mtamfanyia nini kabla ya Sabato ijayo?